Mashine za Katwe na wateja wa nchi sita: tovuti igawanywe kwa nchi au kwa lugha?

Karakana yenyewe iko Katwe, hapa Kampala, katika vichochoro ambako mafundi huchomelea kila kitu, kuanzia mageti hadi mashine za bisi. Mzee mwenye karakana hii hutengeneza mashine za vifaranga: sanduku la bati, feni, trei za mayai na kidhibiti joto, na siku ya 21 vifaranga wanalia ndani. Wiki iliyopita alinikabidhi simu yake nisome jumbe tatu zilizoingia asubuhi moja.

Wa kwanza ulitoka Kisumu: “Mzee, kiangulio cha mayai 528 ni pesa ngapi?” Wa pili Bukoba: “Shikamoo mzee. Naulizia mashine ya kutotolesha vifaranga, bei yake mpaka Mutukula ikoje?” Wa tatu Beni, Kongo: “Jambo papa, couveuse ya mayai 500 iko bei gani? Tunalipa na dola.”

Mashine ni moja, majina matatu, na tovuti ya mzee haikuwa na hata moja kati ya hayo. Ilikuwa na ukurasa mmoja wa Kiingereza, bei kwa shilingi ya Uganda peke yake, na namba ya simu iliyoanza na sifuri, ambayo mtu wa Beni akiipiga hivyo ilivyo haimfikishi popote. Wateja wote watatu walielekezwa na madereva wa malori au na jamaa walionunua zamani. Hakuna aliyemkuta mtandaoni.

Mzee ana watoto wawili wanaomsaidia, na katika jambo hili hawasikilizani. Kijana anasema tovuti ibaki moja, ya Kiingereza, kwa nchi zote. Binti, aliyesomea Nairobi, anasema kila nchi ipewe tovuti yake: .co.ke kwa Kenya, .co.tz kwa Tanzania, ya Kongo kwa Kifaransa, na Rwanda, Burundi na Sudan Kusini zifuate. Kazi yangu ni kutengeneza tovuti, na ubishi huu nimeukuta kila mahali ambapo biashara ya Uganda imeanza kuvuka mpaka. Wote wawili wana hoja, na nimeona pesa ikipotea kwa kumfuata yeyote kati yao mpaka mwisho.

Nianze na kijana, kwa sababu hoja yake hudharauliwa upesi. Bei ya bati haitulii. Bei ya mashine ikibadilika, ukurasa mmoja unabadilishwa kwa dakika tano na kila mtu anaona kitu kilekile. Tovuti yenye nchi sita na lugha tatu ina mahali kumi na nane pa kusahau. Nimewahi kuitwa na kampuni moja ya hapa mjini iliyokuwa na kurasa za Kiingereza na Kifaransa. Bei ya Kiingereza ilikuwa ya mwaka ule, ya Kifaransa ilikuwa ya miaka miwili nyuma. Mteja kutoka ng’ambo ya mpaka alisafiri na pesa iliyotosha ile ya zamani. Alifika dukani ameshika simu yake, anaonyesha, na alikuwa na haki. Aliuziwa kwa bei aliyoiona, na tangu hapo ukurasa wa Kifaransa ukafutwa kabisa. Tena Wakenya wengi, hata wanaozungumza Kiswahili kutwa nzima, wakifungua Google huandika kwa Kiingereza. Waganda vilevile. Kiingereza peke yake kinafika mbali, na hilo lisifichwe.

Lakini angalia ni nani ananunua mashine ya vifaranga. Ni mfugaji wa Bukoba, mama wa Beni mwenye kuku mia mbili, kijana wa Mwanza anayetaka kuanza. Mfugaji wa Kagera anaandika “mashine ya kutotolesha vifaranga” kwa sababu ndivyo anavyoiita mbele ya jirani yake. Ni vigumu Google kumletea ukurasa wa mzee ikiwa maneno hayo hayamo ndani yake, na kwa Kiswahili ushindani bado ni mdogo: kurasa za Kiingereza kuhusu mashine hizi zimejaa kutoka China, India na Marekani, za Kiswahili zinahesabika. Fundi wa Katwe hawezi kuwapita wale wa China kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili anaweza kuwa wa kwanza, tena upesi.

Hapa Uganda hoja hii ina mzigo wake. Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa familia nyingi, hasa Buganda, kilibaki kuwa lugha ya askari kwenye kizuizi cha barabarani. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, katika mazingira ambayo Bunge litayaweka kwa sheria. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kitumike rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, na wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki nao wamekiingiza, pamoja na Kifaransa, kuwa lugha rasmi za Jumuiya. Mimi nimekulia ndani ya lugha hii, kwa hiyo naandika nikiwa na upande. Hata hivyo, mtu akiniambia kwamba wateja wake wa Masaka hawataki kusoma Kiswahili, simbishii. Ukurasa wa Kiswahili wa mzee haukuandikwa kwa ajili ya Masaka. Umeandikwa kwa ajili ya watu walioko ng’ambo ya mipaka ya Mutukula, Busia na Mpondwe, ambao tayari wanamwandikia kwa lugha hiyo.

Sasa kosa lenyewe, ambalo kijana na binti wamelifanya pamoja: wamechanganya nchi na lugha. Nchi hubadilisha pesa, usafiri, ushuru na namna ya kulipa. Lugha hubadilisha maneno. Kiswahili kinapita katika nchi zote za wateja wa mzee kwa viwango tofauti; Kifaransa kinasomwa Kongo, Burundi na kwa baadhi ya watu wa Rwanda; Kiingereza kinapita Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini. Ukigawa kwa nchi unaandika Kiswahili kilekile mara tatu. Ukigawa kwa lugha peke yake, mtu wa Kisumu na mtu wa Bukoba wanaona bei moja ambayo si ya yeyote kati yao.

Mkanganyiko huu unaingia hadi ndani ya msimbo (code) wa tovuti. Kuna alama iitwayo hreflang, ambayo Google ilianza kuisoma mwaka 2011, inayoieleza kwamba ukurasa huu una ndugu yake wa lugha nyingine. Herufi mbili za kwanza ni za lugha: sw ni Kiswahili, fr Kifaransa, lg Luganda. Nchi huja baada ya lugha, ikiwa kuna haja: sw-TZ, sw-KE. Watu huandika nchi mahali pa lugha. Niliwahi kufungua msimbo wa tovuti ya duka moja la hapa Kampala nikakuta ukurasa wa Luganda umewekewa “ug”, kwa kudhani maana yake ni Uganda. Katika orodha ya lugha, ug ni Kiuiguri, lugha ya watu wa Xinjiang, kaskazini-magharibi mwa China. Duka lilikuwa likiitangazia Google kwamba Luganda lake ni Kiuiguri. Vilevile uk si Uingereza, ni Kiukraine. Uingereza ni GB.

Alama hizi pia lazima zijibizane. Ukurasa wa Kiswahili ukisema ndugu yake ni ule wa Kiingereza, wa Kiingereza nao lazima umtaje wa Kiswahili, la sivyo Google inazipuuza zote mbili. Tena hazimpandishi mtu juu kwenye matokeo. Kazi yake ni kubadilisha ukurasa upi uonyeshwe kwa nani, basi. Nalisema hili kwa sababu kuna mafundi wa tovuti wanaoziuza kama dawa ya kupanda juu, na mwenye duka analipa akitegemea wateja wapya.

Kwa hiyo, je, Kiswahili cha Tanzania kitenganishwe na cha Kenya? Binti anasema ndiyo, na ushahidi wake ni mzuri. Mtanzania hutafuta ufuta, Mkenya na Mganda husema simsim. Parachichi la Arusha ni avokado Nairobi. Maharage Tanzania, maharagwe Kenya. Kwa mtu anayeuza bidhaa mia mbili za chakula, tofauti hizi zingenifanya nifikirie sana. Kwa mzee mwenye mashine nne, hapana. Ukurasa mmoja wa Kiswahili unaweza kubeba “mashine ya kutotolesha vifaranga” kwenye kichwa na “kiangulio” kwenye sentensi ya kwanza, na wote wawili wakajiona wamo. Kurasa mbili zinazofanana isipokuwa maneno matatu huongeza kazi ya kusahihisha, na mara nyingi Google yenyewe huchagua mmoja na kuuweka mwingine kando.

Jina la tovuti nalo lina mvutano wake. Tovuti inayoishia na .co.tz humpa mnunuzi wa Mwanza moyo kwamba watu hawa wapo karibu, na Google huichukua kama ishara ya wazi ya nchi. Gharama yake ni kwamba kila jina jipya linaanza safari upya: viungo (links) ambavyo tovuti nyingine zimeelekeza kwa tovuti ya Uganda kwa miaka havihesabiki kuwa vya ile ya Tanzania, kila jina lina ada yake ya mwaka, na jina likisahauliwa kulipiwa linaweza kuchukuliwa na mtu mwingine pamoja na wateja wake. Mimi huwashauri watu wa ukubwa wa mzee wachukue jina moja lisilofungwa na nchi, .com au .africa, kisha waweke lugha kwenye folda: /en/, /sw/, /fr/. Jina la .co.ug walishike na lielekeze kule. Siku wakifungua tawi Dar es Salaam, lenye leseni, stoo na mtu wa kupokea simu, .co.tz itakuwa na maana. Kabla ya hapo jina hilo linamwahidi mnunuzi ukaribu ambao haupo, na akiulizia dukani ni wapi ataambiwa Katwe.

Jambo ambalo linanigusa zaidi ni mtindo wa kumpeleka mgeni kwa nguvu. Tovuti inaangalia anwani ya intaneti ya simu yake, inakisia yuko nchi gani, na kumrusha kwenye ukurasa wa nchi hiyo kabla hajachagua. Kwingine huenda inafaa. Hapa kwetu inaharibu. Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii, na watu wakajifunza VPN, programu inayoifanya simu ionekane iko nchi nyingine, mpaka wazee. Mwaka 2021 kodi hiyo iliondolewa na badala yake ikaja ya asilimia 12 kwenye data. Lakini Januari ya mwaka huohuo, siku za uchaguzi mkuu, Facebook ilikuwa imefungwa, na VPN ikaendelea kukaa kwenye simu. Mtu aliyeketi Mukono anaonekana yuko Uholanzi. Tovuti inayojiona janja inampa bei ya dola na kumwambia mashine haziletwi nchini kwake.

Nenda Busia uone jambo lingine: upande wa Uganda watu wanatumia laini za Kenya, kwa sababu mtandao wa ng’ambo unafika na wateja wao wako ng’ambo. Mteja ni Mganda, duka ni la Uganda, anwani ya intaneti ni ya Kenya. Na Google yenyewe hupitia tovuti zaidi kwa anwani za Marekani. Ukiwarusha wote wa Marekani kwenye Kiingereza, ule ukurasa wa Kiswahili ulioulipia hautaonekana hata na yule unayetaka auorodheshe.

Kiungo kinachoonekana, juu kabisa, kinatosha: Kiswahili, English, Français, kila lugha kwa jina lake yenyewe. Bendera nazikataa. Kiswahili kitapewa bendera ipi? Ukiweka ya Tanzania, Mkenya anadhani ukurasa si wake. Na mama wa Beni kwa nini aone bendera ya Ufaransa ili asome bei ya mashine ya Kampala?

Bado kuna vitu vinavyobadilika kwa nchi kweli, na hapa binti ana haki zaidi kuliko kaka yake. Kwa mzee tulitengeneza jedwali moja ndani ya kila lugha: unatoka nchi gani, mpaka upi, bei kufikia hapo, na njia ya kulipa. Kenya na Tanzania M-Pesa na Airtel Money, Uganda na Rwanda MTN au Airtel, Kongo dola. Namba zote zikaandikwa na +256. Tukaongeza sentensi kuhusu cheti cha asili ya bidhaa, kwa kuwa mashine iliyotengenezwa Uganda inaingia nchi nyingi za Jumuiya bila ushuru wa forodha ikiwa na cheti hicho, na shehena isiyozidi dola 2,000 hupata cheti chepesi kinachotolewa pale mpakani. Sentensi hiyo moja ilimfaa mteja wa Bukoba kuliko ukurasa mzima wa sifa za mashine.

Pesa inataka uangalifu wa aina yake. Shilingi ya Uganda, kwa viwango vya kimataifa vya sarafu, haina senti. Faranga ya Rwanda na ya Burundi vilevile. Shilingi ya Kenya na ya Tanzania zinazo. Mfumo wa malipo uliotengenezwa kwa kudhani kila sarafu ina tarakimu mbili za senti nyuma ya nukta unaweza kuzidisha bei ya Uganda mara mia au kuigawa kwa mia. Jaribu malipo kwa kila sarafu, kwa pesa ndogo ya kweli, kabla mteja hajakujaribia. Kuhusu majina na namba za simu zinazokusanywa kwenye fomu, Uganda na Kenya zina sheria za kulinda taarifa binafsi za mwaka 2019, Rwanda ya 2021, Tanzania ya 2022. Usiombe usichokihitaji, kwa mzee tulibakiza jina, simu na mji.

Tukaja kwenye tafsiri. Programu za kutafsiri zimeendelea sana, Google iliongeza Luganda na Lingala mwaka 2022, na kwa mtu asiye na pesa ya mfasiri ni mahali pa kuanzia. Binti alikuwa ameshaijaribu tovuti yote kabla hajaniita. Kikapu cha kuwekea bidhaa kilikuwa kimeandikwa “mkokoteni”. Hilo mteja angelielewa akacheka. Lililonitisha ni saa za kazi. Karakana inafunguliwa saa tatu asubuhi, ambayo Kiingereza huandika 9. Tafsiri ilisema “saa 9:00 asubuhi”. Kwa msomaji wa Kiswahili hilo halina maana, na anayejaribu kulielewa anaishia saa tisa, ama alfajiri mno ama mchana mwishoni. Zaidi ya hapo, Rwanda, Burundi, mashariki ya Kongo na, tangu Februari 2021, Sudan Kusini ziko saa moja nyuma yetu. Mtu wa Beni akiambiwa saa tatu, ni tatu ya nani? Tuliandika “saa za Kampala” mbele ya kila muda.

Makosa haya mtu mmoja makini anayamaliza kwa alasiri moja. Swali linalokuja baada yake ni gumu zaidi, na ndilo ninalolitumia kuamua lugha ngapi ziwepo: mteja akishasoma ukurasa huo, akapiga simu kwa lugha hiyohiyo, nani atapokea? Kiswahili mzee anacho, amefanya kazi miaka mingi na madereva wa Mombasa. Kiingereza watoto wanacho. Kifaransa hakuna. Ukurasa wa Kifaransa ulioandikwa kwa ufasaha unamleta mteja wa Bujumbura hadi mlangoni, kisha anakuta ndani watu wasiomsikia, na yeye ataona amepumbazwa. Binti alijibu kwamba watu wa Beni huja na Kiswahili chao hata wakisoma Kifaransa, na nilikubali. Ujumbe ule wa couveuse ni ushahidi wake. Kwa hiyo tulikubaliana Kifaransa kiwe ukurasa mmoja mfupi: mashine ni zipi, bei ya dola kufikia Mpondwe, na mstari unaosema wazi kwamba majibu hutolewa kwa Kiswahili au Kiingereza.

Mmoja wa vijana wa kuchomelea pale karakana ametoka Butembo, ana Kifaransa cha shule, na mzee amemwomba auhakiki ukurasa huo kabla haujawekwa. Jana jioni nilimkuta amevua miwani ya kuchomelea, ameinamia simu ya binti. Juu kabisa, mahali pa kurudia mwanzo wa tovuti, programu ilikuwa imeweka “maison”, nyumba. Alikuwa ameshalifuta na kuandika “accueil”, na sasa alikuwa akiuliza kwa nini trei za mayai zimeitwa sinia za kuandalia chai.